Mtoto wa Chura

Shule ambayo dada yangu ni mwalimu mkuu ilikuwa imetoka mkiani hadi kileleni. Mwaka jana ilikuwa ya nane kati ya shule nane za serikali za eneo letu. Mwaka huu ni ya kwanza, na mimi, karani wa ofisi ya elimu, ndiye niliyepewa kazi ya kuhakiki karatasi za mtihani kabla orodha ya matokeo haijabandikwa.

Nikafungua bahasha yao. Wanafunzi wote walipata kila swali isipokuwa moja: mtoto wa chura anaitwaje?

Kilubilubi. Nikachukua karatasi nyingine. Kilubilubi. Watoto arobaini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyekosea kivyake!

Neno hilo halimo katika kamusi yoyote. Ni la nyumbani kwetu tu. Marehemu mama ndivyo alivyolitamka, nasi wanawe wawili tukalirithi.

Labda aliwafundisha hivyo darasani, nikajipa moyo. Nikainua karatasi moja kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya neno palikuwa na doa la ufutio, na ndani ya doa, kwa mbali, penseli ya mtoto: kiluwiluwi.

Ya pili, vilevile. Ya tatu. Walikuwa wamepata, wakafuta.

Simu ikaita.

"Mdogo wangu, mbona kimya? Huku walimu hawakaliki kwa furaha. Mmeshabandika?"

"Bado. Dada, hivi mtoto wa chura anaitwaje?"

Akacheka. "Na wewe! Si kilubi..."

Kicheko kikakatika. Nikamsikia akifunga mlango wa ofisi yake.

"Uko peke yako hapo?" akauliza.