Sindano ya Ukosini

Kanisa zima lilipiga makofi. Mshonaji alipiga mawili tu, tena ya ncha za vidole. Mchungaji alikuwa akisoma barua ya Wakristo waliofukuzwa makwao kwa sababu ya imani yao, na koti walilolishukuru lilitolewa na wifi yake mshonaji. Kila sifa, wifi! Na aliyelishonea vifungo vyote sita, je? Roho ikamuuma.

"Koti zuri," mchungaji aliendelea kusoma, "lakini kinachotulisha ni sindano uliyotuachia ukosini, yenye uzi mwekundu. Tunashona mahema ya watu, tunapata chakula."

Wifi, aliyekuwa amesimama akiwapungia watu, aliushusha mkono. "Sindano gani?"

Mshonaji alipapasa ukosi wake. Ndiyo mazoea yake: akitaka kupumzika, huichomeka sindano kwenye ukosi wowote ulio karibu. Miezi mitatu ameitafuta ile ya uzi mwekundu. Miezi mitatu amewaambia akina mama wote wa kwaya kwamba aliyeiiba ni wifi yake.

Kwaya nzima ikamgeukia.

"Inuka, wifi yangu," wifi akasema kwa upole. "Sindano yako imeonekana."