Kasuku Ahamishwa Dirisha

Sogeeni karibu, niwape hii wakati uji unapoa.

Nyani alikuwa fundi wa kukata sura, na Kasuku alikuwa mtangazaji wake. Kutwa alikaa dirisha la mbele akila karanga za Nyani na kurudia alichofundishwa: "Njooni mpendeze! Hakuna maumivu!"

Binti Ngiri, aliyekwisha kuposwa, akamwambia bibi yake, "Kesho naenda kuondolewa haya manundu usoni."

"Mjukuu wangu, hayo ndiyo yanayokukinga macho ukipigana."

"Mambo ya kizamani hayo, bibi!"

Bibi akaenda kushtaki barazani kwa Simba. Wengine wakataka Nyani afungiwe, wengine wakasema kila mtu na uso wake. Simba akachoka. "Basi tumzibe Kasuku mdomo?"

"La, bwana mkubwa," akasema bibi, "mwacheni aseme. Mhamishieni tu dirisha la nyuma, wanakolala waliokatwa."

Ikaamriwa hivyo. Asubuhi Binti Ngiri alipofika kwenye foleni, alimsikia Kasuku akipaza sauti ya Kiboko: "Mama wee, mdomo haufumbi!" Kisha ya Twiga: "Nirudishie shingo yangu!" Kisha ya Nyani mwenyewe: "Nyamazeni, wateja watasikia!"

Foleni nzima ikatimua mbio. Nyani akamletea Kasuku gunia zima la karanga ili anyamaze. Kasuku akazila, akaendelea kusema.

Ijumaa ile Binti Ngiri aliolewa na manundu yake yote. Bibi alipiga vigelegele vya kupasua anga, na Kasuku anavirudia mpaka leo.