Fungu la Mbwa

Kwa kuwa mumewe alikuwa hospitali, mkamwana ndiye aliyeshika miguu ya kondoo siku ile. Mama mkwe akapasua tumbo, akatoa ini lenye malengelenge meupe yaliyojaa maji, akamtupia mbwa.

“Mlinzi naye ana fungu lake. Kila tukichinja nampa.”

Mkamwana akaiachia miguu ya kondoo. Malengelenge kama yale daktari aliyatoa tumboni mwa mumewe, akasema ni minyoo ambayo mbwa huipata kwa kula viungo vibovu, kisha humwambukiza mtu. Mkamwana alimbishia, akaapa kwamba mbwa wao anakula makombo tu.

“Mama, mnyang'anye!”

“Ini bovu ndilo unalolililia?”

Mbwa alikwisha kumeza. Akavuka ua hadi kwenye mkeka alikolala mtoto, akaanza kumramba midomo.

Mama mkwe akacheka. “Waone! Tangu azaliwe huyu, kila siku wanabusiana.”