Mbwa wa Kwenye Picha

Posa hii ya bintiye, Evarista alikuwa ameiombea novena tatu, na sasa mshenga alikuwa ametulia sebuleni anakunywa chai.

Ghafla kikombe kikamgandia mkononi. Ukutani, kwenye picha ya Kizungu ambayo babu yake Evarista aliachiwa na mapadre wa kale, mbwa mnene alikuwa amelala kitandani na mtoto, mguu wa mbele ameuweka juu ya mto wa lesi.

"Mama, kumbe ninyi mnalala na mbwa?"

"Yesu na Maria! Mambo ya Wazungu wa zamani hayo," Evarista akaapa. "Humu ndani mbwa hakanyagi hata kizingiti."

Mlango wa chumbani kwake ukasukumwa. Mbwa akatoka, akajinyoosha, akapiga miayo mbele ya mgeni, kilemba cha Evarista cha kulalia kikining'inia sikioni.