Gauni Lililopwaya

Gauni lilimpwaya. Muuguzi alijitazama kwenye kioo cha fundi, akakusanya kitambaa kilichozidi kiunoni, kikamjaa kiganja kizima.

"Fundi, hili umenishonea mimi au mama mkwe wangu?"

Alisema kwa utani, lakini wasiwasi ulikuwa umemwingia.

Fundi alikuwa anameza vidonge vyake vya asubuhi. Alipomaliza alifungua mdomo, akainua ulimi, na muuguzi akaweka alama kwenye kadi. Mwezi wa tano huo. Kilo sita zilikuwa zimemrudia, na mashavu yake sasa yalikuwa mashavu ya mtu.

Fundi alikuwa na kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Mwanzoni aligoma katakata kwenda kunywea dawa zahanati. Wateja wangemwona kwenye foleni, na nani angevaa nguo iliyotoka mikononi mwa mtu wa kifua? Wengine pale zahanati walimwita mkaidi. Muuguzi peke yake ndiye aliyemuuliza, "Wewe unataka tufanyeje?"

Fundi alitaka muuguzi aje dukani kama mteja. Asivae sare. Barakoa pia asivae, maana barakoa moja tu ingetangaza habari mtaa mzima. Hapo muuguzi alisita. Alitazama mlango na dirisha, akaona vyote vinakaa wazi kutwa, akakubali. Alimpa fundi pakiti ya barakoa avae yeye walau mpaka dawa zishike. Fundi aliitupia kwenye droo ya cherehani, na huko ikalala.

Basi kila asubuhi muuguzi alikuja na vidonge kwenye pochi. Fundi alimzungushia tepu kiunoni, akaandika namba kwenye daftari bila kuitazama sawasawa, kisha akageukia ukutani akameza. Majirani hawakushtuka. Gauni la miezi mitano, kwa fundi ambaye wimbo wake ni "njoo kesho", si habari.

Na leo gauni lilikuwa tayari kweli. Zawadi, alisema fundi. Ndilo hilo lililopwaya.

Muuguzi alijua maana yake, na alijuta kujua. Kimoja kati ya vile vidonge huweza kuharibu macho, na fundi asiyeona vizuri hukosea vipimo. Ikithibitika, daktari atakiondoa, na bila hicho tiba nzima itayumba. Asipokiondoa, fundi atapona kifua abaki kipofu mbele ya cherehani.

"Tangu lini huoni vizuri?" alimuuliza.

"Naona."

"Usinifiche, fundi. Mficha maradhi kifo humuumbua." Alikohoa, akapepea mkono mbele ya uso. "Na hili vumbi la vitambaa vyako."

Alichagua sindano nyembamba kuliko zote, akampa na uzi. Fundi alitunga kwa mara moja. Muuguzi hakuridhika, kwa sababu macho yanayoharibiwa na dawa ile huanza kwa kupoteza rangi. Alichukua rili mbili za uzi zinazokaribiana rangi.

"Hii?"

"Nyekundu."

"Na hii?"

"Damu ya mzee. Dada, mimi nauza rangi, utanishinda?"

Muuguzi alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alishukuru kimoyomoyo, akajifuta jasho shingoni kwa upindo wa mtandio, ingawa nje bado kulikuwa na baridi.

"Sasa kama macho ni mazima, hapa kiunoni ulikosea wapi?"

Fundi hakucheka. Alikuwa anamtazama mifupa ya mabega, iliyojichora chini ya kitambaa. Aliinuka, akachukua tepu, na safari hii akampima kweli. Akasoma namba, akarudia kupima.

"Sikukosea," alisema polepole. "Hili gauni nililikata wiki ya kwanza, kwa vipimo vya siku ile."

Alifungua daftari mwanzo kabisa, akashusha kidole kwenye namba za kiuno, ukurasa baada ya ukurasa. Thelathini na sita. Thelathini na tano. Thelathini na tatu. Thelathini na moja. Akachukua kalamu, akaandika ya leo: ishirini na tisa.

Mlangoni waliingia wateja wawili, wakasalimia. Fundi alivuta droo ya cherehani, akatoa ile pakiti ambayo haijawahi kufunguliwa, akaichana. Barakoa moja alivaa mwenyewe, mbele ya macho yao. Nyingine alimwekea muuguzi kiganjani.

"Vaa, dada," alisema. "Leo foleni ya zahanati tunakaa wote."