Ushahidi wa Injini

Siku hizi injini ya gari iliyotumika haiuzwi mpaka isimulie safari zake mbele ya mnunuzi na jirani mmoja. Mume wangu, Hizza, alikuwa ameshanunua mpya yenye nguvu zaidi, na fundi alimwapia kwamba kumbukumbu za ile ya zamani zimefutwa. Basi tukamwita jirani yetu, Baba Semvua, ashuhudie.

Injini ikaanza, taratibu: sokoni, msibani, harusini.

“Machi kumi na nne, kona ya kisimani. Breki ya ghafla. Nilisimama dakika mbili bila kuzimwa, kisha nikaondolewa kwa kasi.”

Siku ile Hizza aliniambia amegonga mbuzi.

“Kumbe haijawahi kuchemsha,” mnunuzi akasema, ameridhika.

Baba Semvua, ambaye mwanawe aliokotwa maiti kwenye kona hiyo siku ileile, akasogeza kigoda chake karibu.

“Hebu rudia hapo,” akaiambia.