Mlango wa Nyuma

Kitendawili! Nyumba yangu ina milango minne, lakini mgeni nikimkaribisha hatoki mpaka nimfungulie kwa nje. Unasema jela? Jela gani ya milango minne! Umeshindwa, basi nipe mji. Umenipa Babati? Nimeupokea, na jibu ndilo hili: ni gari. Tena ni lile ambalo Evangelina wa Nangara alikuwa akilitafuta Ijumaa moja, leseni yake mpya ameifunga kwenye pindo la kitenge.

Leseni yenyewe alikuwa ameipata juzi tu. Wenzake darasani, vijana watupu, walirukaruka wakapigana picha. Yeye aliipokea kama mtu anavyopokea risiti ya umeme. Siku hizi furaha ikibisha hodi kwake haikuti mtu.

"Shikamoo, mama," dalali alimwamkia. Aliitwa Feisal, kijana mwenye maneno mengi, na magari yake aliyapanga kando ya barabara iendayo Singida.

"Marahaba."

"Tukuite mama nani?"

"Mama Rogath."

"Karibu sana, Mama Rogath. Hili jeupe halijawahi hata kunusa vumbi la Kiteto. Sikiliza injini, inanong'ona!"

Evangelina hakusikiliza injini. Hakufungua boneti wala kupiga tairi teke kama wanunuzi wengine. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, akaufungua, akainama na kuupapasa ubavuni.

"Kile kidude cha kuuzuia usifunguke kwa ndani kipo?"

"Aa, kile cha watoto! Kipo." Feisal alicheka. "Huyo Rogath mtundu, eeh? Ana miaka mingapi?"

Evangelina alikuwa ameshakishusha kile kidude. "Ingia," alimwambia. "Nikifunga, jaribu kutoka."

Feisal akaingia, akavuta kitasa. Mlango ukagoma.

"Vuta kwa nguvu."

"Mama, nitakikata!"

"Ndicho ninachotaka kujua. Na bega nalo, sukuma."

Akasukuma kwa bega, gari zima likatikisika. Mlango haukuachia. "Huyo mtoto wako unamlisha nini, Mama Rogath?" aliuliza mle ndani, jasho likimtoka.

"Ugali."

Evangelina akamfungulia, kisha vioo navyo akavijaribu, cha huku na cha kule. Alitaka kila kimoja kishuke kiasi cha kupitisha hewa, ila kichwa kisipite. Ndipo akaeleza, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya maharage, kwamba Jumatatu ni siku ya kliniki. Mara ya mwisho walikodi teksi. Walipofika Nakwa, akafungua mlango gari likiwa mwendoni, akaangukia mtaroni, akashonwa nyuzi kichwani. Tangu hapo hakuna dereva mjini anayekubali kumbeba, na bajaji ndiyo kabisa, haina hata mlango. Kliniki zimepita hivyo hivyo, dawa zimekwisha, nyumbani hapalaliki. Jumatatu hii lazima afike.

"Ndiyo nikajifunza gari," alimaliza.

Feisal alipunguza utani kidogo. "Ni wako, au mjukuu?"

"Wangu."

"Basi usijali, mama. Hawa wakikua wanatulia. Hata mimi nilimtoa machozi mama yangu."

Evangelina alimtazama.

Simu yake ikalia. Alikuwa Consolata, jirani ambaye Evangelina alimwomba abaki pale nyumbani kwake.

"Mama Rogath, uko wapi? Ameamka, anakulilia. Viatu kavivua, kawarushia kuku!"

"Mpe uji. Upoze kwanza, asijiunguze. Nakuja."

Wakalijaribu gari barabarani, wakafika Mutuka na kurudi. Liliwazimikia kwenye kilima, Evangelina akaliwasha tena bila kutetereka, ingawa mkokoteni wa punda uliwapita na mwenye punda akawapungia mkono. Feisal alishika dashibodi kwa mikono miwili njia nzima. Waliporudi wakavutana bei, wakapatana, kadi ya gari ikakabidhiwa.

"Hongera, mama! Gari la kwanza hilo! Mbona hata hucheki?"

"Nitacheka Jumatatu."

"Haya, ngoja kwanza, zawadi yako ipo." Feisal alikimbilia kibandani, akarudi amekumbatia kiti kidogo cha plastiki chenye mikanda, kimechorwa bata wa njano. "Mwenye gari alikiacha. Chukua bure, umfunge Rogath vizuri. Ila sijui kama kitamtosha. Nilikuuliza hukunijibu, mama: ana miaka mingapi?"

Evangelina alikipokea kile kiti. Akapitisha kidole kwenye mkanda wake mwembamba, akamrudishia mwenyewe.

"Sitini na saba," akasema. "Ni Baba Rogath. Yule aliyekuwa akiendesha basi la asubuhi la Arusha."